Gunia na Kichwa Chake: Namna ya Kutenganisha Taarifa na Maoni Kwenye Tahariri

Mkoani Mbeya, ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukifika Isyonje utayaona magunia ya viazi yamesimama kando ya barabara. Yatazame vizuri. Gunia lenyewe linaishia mahali fulani, kisha juu yake kimeongezwa kichwa: viazi vimerundikwa, vikafunikwa kwa wavu au kipande cha gunia jingine, vikashonewa kwa kamba. Kwa mbali ni kitu kimoja. Ukisogea ukapitisha kidole, unaukuta mshono. Hiyo ndiyo lumbesa, na anayelipia gunia halipii kichwa.

Tahariri nyingi za magazeti yetu hufungashwa hivyohivyo. Chini kuna taarifa, jambo lililotokea kweli. Juu kuna maoni. Msomaji analiamini gunia, na kwa imani hiyohiyo anajitwika na kichwa. Sisemi ni wizi. Kazi ya tahariri ni kutoa maoni, na tahariri isiyo na maoni ni habari tu iliyopotea ukurasa. Kinachonikera mimi ni mshono kufichwa.

Niliripoti habari za Mbeya na jirani zake kwa miaka kadhaa, nikakaa dawati la habari Dar es Salaam, nikarudi nyumbani. Siku hizi Jumamosi asubuhi nakutana na vijana wachache, wengi wa kidato cha tano na sita, wawili watatu wa vyuo, tunasoma gazeti kwa chai ya rangi na chapati. Mwongozo huu ndio ninaoutumia nao. Utahitaji gazeti la karatasi (la jana linatosha, hata lile lililokwishafungia maandazi), kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na dakika arobaini hivi.

Hatua ya kwanza: jua nani anaongea

Tahariri haina jina la mtu. Gazeti moja litaiita Tahariri, jingine Maoni ya Mhariri, jingine Maoni Yetu. Hukaa ukurasa wa ndani, mara nyingi jirani na katuni na barua za wasomaji. Anayeiandika huwa ni mtu mmoja aliyepangiwa siku hiyo, lakini anaandika kwa "sisi". Hiyo "sisi" ni gazeti, na nyuma ya gazeti yupo mwenye gazeti. Uhuru lilianza mwaka 1961 likiwa gazeti la TANU, na leo ni la CCM. HabariLeo na Daily News huchapishwa na kampuni ya serikali; Daily News lenyewe lilizaliwa 1972, miaka miwili baada ya Mwalimu Nyerere kutaifisha The Standard. Huna haja ya kulidharau gazeti lolote kwa sababu ya mwenye mali, ila kabla hujaanza kusoma andika pembeni jina la mwenye gazeti. Dakika moja tu.

Usiichanganye tahariri na safu. Safu ina jina la mtu, mara nyingi na picha yake, na akikosea anakosea yeye. Makala nayo ni kitu kingine.

Hatua ya pili: anzia mkiani

Wengi husoma tahariri kutoka juu, na juu ndiko gunia liliko. Wakifika chini wameshakubali. Geuza. Soma aya ya mwisho kwanza.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Mtu akitaka jambo lifanyike, kitenzi chake hubadilika mwisho: iweke, wachukue, ihakikishe, wasimamiwe. Zungushia duara kila kitenzi cha namna hiyo katika aya mbili za mwisho. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu kama jadili, ratibu na fikiri havibadiliki mwisho, kwa hiyo hivyo uvitafute kwa maana. Ukimaliza, andika pembeni sentensi moja: gazeti linataka nani afanye nini.

Mara nyingi utagundua kwamba "nani" ni mamlaka husika. Nimefanya kazi kwenye magazeti muda wa kutosha na sijawahi kukutana na mamlaka husika, sijui ofisi zake ziko mtaa gani. Ni kiumbe kinachoagizwa kila siku na hakijawahi kukataa. Ukikikuta kwenye sentensi yako ya pembeni, weka alama ya kuuliza: inawezekana aliyeandika alikuwa anamjua mhusika, akaona asimtaje, au alikuwa hamjui kabisa. Mambo hayo mawili hayafanani.

Hatua ya tatu: kalamu mbili

Hapa ndipo penye kazi. Kwanza tuelewane kuhusu neno. "Ukweli" kwetu hubeba mizigo miwili: jambo lililo sahihi, na jambo linaloweza kuhakikiwa. Kwenye zoezi hili tunatafuta la pili. Uliza swali moja tu: hii kauli naweza kuiweka kwenye mizani? Yaani kuna karatasi, mtu, sheria, namba au mahali pa kwenda kuangalia? Kama ndiyo, pigia mstari wa bluu, hata kama unahisi ni uongo. Kauli ya uongo bado inapimika. Ndivyo tunavyoijua kuwa ni uongo. Kama hakuna mizani inayoweza kuipima, piga mstari mwekundu, hata kama unakubaliana nayo kwa moyo wote.

Vijana wangu hujikwaa hapahapa. Wakiona sentensi wanayoipenda wanachukua bluu.

Tufanye na mfano. Tahariri hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, haijatoka gazeti lolote, na huyo mkulima wa sentensi ya tano ni wa kubuni. Namba nimeziweka ili tuweze kuzungumza.

*(1) Wiki iliyopita gazeti hili liliripoti kwamba wakulima wa viazi katika wilaya mbili za Nyanda za Juu Kusini bado wanauza mazao yao kwa lumbesa. (2) Sheria ya Vipimo na kanuni zake haziruhusu ufungashaji huo, na zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia. (3) Licha ya katazo hilo, walanguzi wameendelea kuwanyonya wakulima mchana kweupe. (4) Kila mmoja anajua kwamba mkulima anayeuza kwa lumbesa hapati haki yake. (5) Mkulima mmoja aliliambia gazeti hili kuwa gunia lake lilipopimwa mjini lilikutwa na kilo 140. (6) Hii ina maana kwamba wakulima wa mikoa hii wanapoteza karibu theluthi moja ya jasho lao. (7) Ni wazi kuwa maofisa wanaohusika wamelala. (8) Swali ni je, hadi lini? (9) Tunaishauri serikali iweke mizani kila kijiji na iwachukulie hatua kali wote wanaohusika.*

Ya kwanza ni bluu. Unatafuta gazeti la wiki iliyopita, unaona kama habari hiyo ilikuwamo.

Ya pili ni bluu safi kuliko zote. Sheria ya Vipimo ipo, ni Sura ya 340 ya sheria zetu, na Wakala wa Vipimo wana ofisi mikoani. Unaweza kwenda kuuliza.

Ya tatu ina rangi mbili, na ndiyo ya kwanza yenye mshono. Kwamba lumbesa bado zinauzwa baada ya katazo, hilo linapimika. "Walanguzi", "kuwanyonya" na "mchana kweupe" hayapimiki. Piga bluu nusu, nyekundu nusu, na usione aibu karatasi ikichafuka. Ona pia "wameendelea" inavyofanya kazi kimyakimya. Mtu haendelei na jambo ambalo hakulianza. Kwa neno hilo moja mwandishi ametufanya tukubali kwamba kunyonya kulikuwapo tangu zamani, bila kutuambia lini kulithibitishwa.

Ya nne ni nyekundu iliyovaa koti la bluu. "Kila mmoja anajua" inatamkwa kama taarifa. Lakini nani alimuuliza kila mmoja? Jamaa zake ni "hakuna asiyefahamu", "ni ukweli usiopingika" na "wote ni mashahidi". Ukiona tahariri inakuhakikishia kwamba jambo halina ubishi, tulia hapo. Jambo lisilo na ubishi kweli huandikwa tu. Hakuna anayeandika kwamba ni ukweli usiopingika kuwa Mbeya ni baridi mwezi wa saba.

Ya tano ni bluu, ila nyembamba. Mkulima mmoja, gunia moja, mizani moja ambayo hatukuambiwa ni ya nani. Inapimika, kwa hiyo ni bluu. Andika pembeni: mmoja.

Sasa ya sita. Tukae hapa.

"Hii ina maana kwamba wakulima wa mikoa hii wanapoteza karibu theluthi moja ya jasho lao." Darasani karibu wote huipigia bluu kwa sababu ina hesabu. Basi tufanye hesabu. Gunia lilikuwa na kilo 140, kikomo ni 100, zilizozidi ni 40. Arobaini kati ya 140 ni kama asilimia 29. Karibu theluthi, sawa, mwandishi hakudanganya sana, kavuta kidogo tu. Ila tazama ameruka mara ngapi. Ametoka kwa mkulima mmoja akafika kwa wakulima wa mikoa, kwa maneno manne tu: hii ina maana kwamba. Hilo ni ruko la kwanza, na wengi huliona wakionyeshwa.

La pili limejificha zaidi. Ili zile kilo 40 ziwe hasara kamili, lazima tuamini kwamba mnunuzi angelipa bei ileile kwa gunia la kilo 100. Angelipa? Simama Isyonje umwambie dalali kwamba leo unauza gunia lisilo na kichwa, umsikilize bei atakayokutajia. Atashusha. Kwa hiyo mkulima anapunjwa, pengine sana, hasa kwa kuwa hana mizani na mnunuzi ndiye anayekadiria kwa macho. Lakini "theluthi moja" haimo ndani ya gunia lile. Imeshonewa juu.

Kwa hiyo ya sita ni nyekundu yenye namba. Namba haigeuzi maoni kuwa taarifa. Ukikuta namba ndani ya tahariri, iulize imehesabiwa kutoka wapi, na je, kilichopimwa ndicho kinachosemwa?

Ya saba, "ni wazi kuwa maofisa wamelala", ni nyekundu tupu, na haihitaji maelezo. Ya nane ni swali lisilosubiri jibu. Lipige nyekundu upite. Ya tisa ni nyekundu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inajitambulisha: "tunaishauri". Inasema waziwazi kwamba haya ni maoni yetu. Kanuni za maadili ya taaluma zinamtaka mwandishi atenganishe maoni na taarifa, na neno kama hilo ndilo linaloonyesha utengano. Hakuna mshono uliofichwa hapo. Laiti na ya sita ingeanza na "tunahisi".

Hatua ya nne: vuta uzi

Baada ya rangi, rudi ukatafute uzi wenyewe, yale maneno yanayoshonea kichwa kwenye gunia. Mawili umekwishayaona kwenye mfano, "licha ya" na "hii ina maana kwamba". Mengine: kwa hiyo, ndiyo maana, matokeo yake, kutokana na hali hiyo, hatimaye, si ajabu basi. Yazungushie. Kisha lifute neno moja kwa kidole, usome sentensi mbili bila uzi. Kama ya pili bado inasimama kwa miguu yake, vizuri. Kama inaanguka, umeupata mshono.

Upo pia mshono usio na uzi, na huo hata mimi hunipita. Chukua sentensi mbili hizi: *Ofisa mpya aliripoti wilayani mwezi Machi. Kufikia Juni, lumbesa zilikuwa zimejaa sokoni.* Zote bluu. Zote zinapimika. Hakuna "kwa hiyo" wala "ndiyo maana". Lakini msomaji amekwishamhukumu ofisa. Mwandishi hakusema neno. Aliviweka tu vitu viwili karibu karibu akatuachia tushone wenyewe. Na huenda Juni ndipo viazi vinapojaa sokoni eneo hilo kila mwaka, awepo ofisa au asiwepo. Kwa mshono wa aina hii kalamu hazitoshi. Lazima ubadilishe mpangilio: weka ya pili kwanza, soma tena, uone kama lawama imebaki.

Hatua ya tano: wanaume wanne ni mtu mmoja

Andika majina yote aliyopewa mtu yuleyule. Yule anayekuja shambani na daftari na kalamu mfukoni anaweza kuwa mnunuzi, mfanyabiashara, dalali au mlanguzi. Ni mtu mmoja. "Mnunuzi" ni kazi yake. "Mlanguzi" ni hukumu.

Na vitenzi vya kusema vivyo hivyo. Jaribu: ofisa *alisema* mizani imeharibika; ofisa *alidai* mizani imeharibika; ofisa *alikiri* mizani imeharibika; ofisa *alibainisha* kuwa mizani imeharibika. Mizani ni ileile, mdomo ni uleule. Wa kwanza ni mtu, wa pili ni mwongo, wa tatu ni mkosaji, wa nne ni mtaalamu. Nilipokuwa dawati tulivibadilishabadilisha vitenzi hivi ili "kusema" kusijirudie mara nyingi, tukidhani ni ufundi wa lugha. Ulikuwa uvivu, na watu waliumia nao.

Mwishoni mwa 2021, machinga walipoondolewa kando ya barabara katika miji mingi nchini, ofisi za serikali zilisema wamepangwa. Mitaani ulisikia wamefukuzwa, wametimuliwa. Mwingine alisema wamehamishwa. Ukiwa na tahariri yoyote ya kipindi kile, tafuta kitenzi alichopewa machinga kwenye sentensi ya kwanza, utajua aya ya mwisho itasema nini kabla hujaifikia.

Ongeza na vile vitenzi visivyo na mtendaji: imebainika, inadaiwa, imeelezwa, inasemekana. Pembeni ya kila kimoja andika "na nani?" Basi.

Hatua ya sita: nani hayupo

Hii sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na aibu.

Mwaka mmoja nilituma Dar habari ya lumbesa kutoka Isyonje. Niliandika "baadhi ya wanunuzi". Niliweka na aya moja ya dalali, mzee wa makamo aliyenieleza vizuri kabisa kwa nini wanapenda gunia kubwa: gari hulipwa kwa idadi ya magunia, wapakiaji hulipwa kwa idadi ya magunia, kwa hiyo ukipakia magunia 80 makubwa badala ya 100 ya kawaida umeokoa. Hakujitetea, alieleza biashara yake. Tangazo likaingia, nafasi ikabana, aya ya dalali ikakatwa. "Baadhi ya" nayo ikapotea njiani. Siku mbili baadaye gazeti likatoa tahariri iliyojengwa juu ya habari yangu, na wale baadhi ya wanunuzi wakawa "walanguzi wa Isyonje". Nakiri nilifurahi, habari ya mwandishi wa mkoani kupewa tahariri halikuwa jambo dogo.

Nikarudi Isyonje wiki iliyofuata. Yule mzee alikuwa na ukurasa ule, ameukunja mara nne mfukoni mwa koti.

"Mwandishi, ulikunywa chai yangu hapa."

"Shikamoo mzee. Habari ndiyo niliandika mimi. Hii nyingine aliandika mhariri."

"Marahaba. Mhariri alikuja lini Isyonje?"

Sikuwa na jibu. Mhariri alikuwa zaidi ya kilomita 800 kutoka pale, na Isyonje aliyoijua ni ile niliyomtumia mimi, ikiwa imeshapunguzwa. Tahariri nyingi za mambo ya mikoani huandikwa hivyo: mtu anaandika maoni juu ya habari iliyokatwa, naye hajui nini kilikatwa.

Kwa hiyo chukua karatasi tupu, orodhesha watu wote wanaoguswa na jambo hilo. Kwenye lumbesa: mkulima, mnunuzi, dereva, mpakiaji, halmashauri inayotoza ushuru, muuza viazi wa sokoni Dar, mla chipsi. Kisha weka alama kwa kila aliyesikika ndani ya tahariri. Kwenye mfano wetu kasikika mkulima mmoja tu.

Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka: uliza kama yule asiyekuwapo angebadilisha ushauri wa mwisho. Kuna asiyekuwapo ambaye hana uzito. Huyu dalali anao. Ikiwa upakiaji na usafiri vinalipwa kwa gunia, mizani ya kijijini peke yake haitaondoa hamu ya kufungasha gunia kubwa. Pengine cha kuangalia ni kulipana kwa kilo njia nzima, kuanzia shambani hadi kwenye gari. Tahariri ingetoka tofauti. Hapo hujapata kosa la lugha tena, umepata kosa la hoja, na hilo ndilo lenye thamani.

Hatua ya saba: weka gazeti jingine kando

Tafuta habari iliyoizaa tahariri, kwenye gazeti hilohilo. Linganisha mstari kwa mstari: "baadhi" zimebaki ngapi, "huenda" zimebaki ngapi? Kisha tafuta gazeti jingine la siku hiyo. Tahariri zikikubaliana kwenye bluu zikatofautiana kwenye nyekundu, ni kawaida, ndiyo raha ya kuwa na magazeti mengi. Zikitofautiana kwenye bluu, mojawapo imekosea, na hilo unaweza kulifuatilia.

Kosa tunalolisahau liko upande wa pili. Tumezoea kuogopa tahariri kali. Mimi nadhani zetu nyingi zina tatizo la njaa: aya saba, bluu mbili, zilizobaki ni kupongeza, kukumbusha na kutoa rai. Hizo nazisoma kama hotuba ya mgeni rasmi. Tahariri kali yenye bluu kumi naiheshimu hata ikinitukana.

Kwenye simu

Huku kalamu hazifanyi kazi, na kuna tatizo jingine: tahariri hufika kama picha kwenye kundi la WhatsApp, imekatwa, bila neno "Tahariri" juu yake. Mtu anaisoma kama habari. Kabla ya kuituma mbele, rudi kwenye ukurasa wenyewe uone iko chini ya kichwa gani. Ukishindwa kuupata ukurasa, usiitume. Pia angalia tarehe; tahariri ya lumbesa ya miaka mitano iliyopita ikitumwa leo inaonekana ya leo, kwa sababu lumbesa bado zipo.

Hatua ya mwisho: andika upya

Ukishaipaka rangi, itengeneze. Vijana waliandika upya sentensi ya tano hadi ya saba za mfano wetu, na baada ya mabishano tukafika hapa:

*Mkulima mmoja ametuambia gunia lake lilikutwa na kilo 140. Hatujui wenzake wanapoteza kiasi gani, kwa sababu hakuna anayewapimia. Kwa maoni yetu, huko kutopimiwa tu ni sababu tosha ya kupeleka mizani.*

Bluu, bluu, nyekundu, na kila moja imevaa nguo yake. Mimi naiona kali kuliko ya kwanza, maana ofisa wa vipimo akiisoma hana pa kuishika. Ile ya theluthi angeipinga kwa sentensi moja ya kujibu na mjadala ungeishia hapo.

Binti mmoja wa kutoka Umalila, ambaye kwao wanalima viazi, hakuridhika. "Sawa mwalimu, lakini mhariri ana kisanduku chake. Ukianza kuongeza 'hatujui' na 'kwa maoni yetu' kila mahali haitaingia." Kasema kweli, na hilo sikuwa nimelifundisha. "Baadhi ya" ndilo neno la kwanza kufa nafasi ikibana, nilishalishuhudia likifa.

Tukarudi kwenye karatasi tuone nini kingine kinaweza kutoka. Tukafuta "kila mmoja anajua" na sentensi yake yote. Tukafuta theluthi. Tukafuta maofisa waliolala. Tukafuta "hadi lini". Ikaingia, na nafasi ya mstari mmoja ikabaki, tukamwekea dalali.